Mwana wa mfalme aliyepima Rwenzori, akazikwa Jowhar

Mfanyabiashara anayetoka Mpondwe, Uganda, kwenda Kasindi upande wa Kongo huvuka mto mdogo uitwao Lubiriha. Wengi hawautazami. Macho yako kwenye foleni ya malori, kwenye marobota ya vitenge, kwenye karatasi za forodha na bei ya dola ya asubuhi hiyo. Lakini mto huo ndio mpaka wenyewe. Kwa mujibu wa mkataba, mpaka unapanda nao hadi kwenye chanzo chake mlimani, kisha unaruka kwa mstari ulionyooka hadi ncha ya kilele kiitwacho Margherita, mita 5,109 juu ya usawa wa bahari. Kutoka hapo unarukia chanzo cha mto Lamia na kushuka nao hadi Semliki.

Margherita si jina la Kikonzo wala la Kinande. Si la Kiingereza wala la Kifaransa, lugha za wakoloni waliogawana milima hiyo. Ni jina la malkia wa Italia, nchi ambayo haikuwahi kutawala hata shamba moja katika eneo lile. Jinsi jina hilo lilivyofika juu ya mlima, na kutoka mlimani likaingia katika mkataba wa mpaka, ni habari ya mtu mmoja na ramani yake. Mtu huyo ni Luigi Amedeo wa ukoo wa Savoia, anayejulikana zaidi kwa cheo chake: Duke wa Abruzzi.

Ukitazama nchi nne kati ya alizopita katika maisha yake ya Afrika, Kenya, Uganda, mpaka wa Kongo na Somalia, utaona kwamba zote nne leo zimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kongo iliingia mwaka 2022, Somalia ikakamilisha uanachama wake mwaka 2024. Yeye hakuwa na habari na jumuiya yoyote. Alikuwa na habari na vilele, na baadaye na miwa.

Alizaliwa Madrid tarehe 29 Januari 1873, katika nyumba ya kifalme iliyokuwa inafunga virago. Baba yake, Amadeo, alikuwa mfalme wa Hispania kwa miaka miwili tu, mgeni kutoka Italia aliyewekwa kwenye kiti ambacho Wahispania wengi hawakumtaka akikalie. Mtoto hakuwa ametimiza hata wiki mbili baba alipojiuzulu na familia ikarudi kwao. Babu yake alikuwa Vittorio Emanuele wa Pili, mfalme wa kwanza wa Italia iliyounganishwa. Baba yake mkubwa, Umberto, ndiye aliyerithi kiti hicho, na Margherita alikuwa mke wa Umberto. Kwa hiyo jina lililo juu ya Rwenzori ni la mke wa baba yake mkubwa.

Mtoto wa tatu wa mfalme aliyejiuzulu hana mengi ya kurithi. Luigi aliingizwa katika jeshi la wanamaji akiwa bado mdogo sana, akakulia humo. Mwaka 1893, akiwa afisa kijana, alifika na meli ya kivita kwenye pwani ya Benadir, Mogadishu na miji jirani, pwani ambayo Italia ilikuwa imeikodi kutoka kwa Sultani wa Zanzibar. Hiyo ndiyo mara ya kwanza alipoiona nchi ambayo angekuja kufia.

Likizo zake alizitumia milimani. Mwaka 1894 alipanda Matterhorn, mlima mkali wa Alpi, kwa njia ngumu, pamoja na Mummery, Mwingereza aliyekuwa miongoni mwa wapandaji mahiri wa wakati huo. Mwaka 1897 aliongoza msafara hadi Alaska na kuwa wa kwanza kufika kilele cha Mount Saint Elias, chenye mita 5,489, baada ya wengine kushindwa. Miaka miwili baadaye alikwenda kaskazini mwa dunia na meli aliyoiita Stella Polare, akitafuta ncha ya dunia. Baridi ilimla ncha za vidole viwili vya mkono, ikabidi zikatwe, na safari ya mwisho juu ya barafu ilimbidi amwachie msaidizi wake, Umberto Cagni. Cagni alifika nyuzi 86 na dakika 34 kaskazini mnamo Aprili 1900, mbali kuliko binadamu yeyote aliyejulikana kufika hadi siku ile. Wenzao watatu hawakurudi.

Huyo ndiye mtu aliyeshuka Mombasa mwanzoni mwa Mei 1906, akiwa na umri wa miaka 33.

Rwenzori wakati huo ilikuwa fumbo la aibu kwa wanajiografia wa Ulaya. Stanley aliuona mlima wenye theluji mwaka 1888, mawingu yalipofunguka kwa muda. Kabla hajafariki mwaka 1904 alikuwa ametamani hadharani kwamba mtu mwenye ujuzi wa milima aende akaumalize. Walijaribu wengi: Stairs, Stuhlmann, Moore, Johnston, Freshfield, Grauer, Wollaston. Kila mmoja alirudi na kilele chake na kimo chake, na namba hizo hazikupatana. Mwingine aliuona mlima kutoka mashariki, mwingine kutoka kusini, na kilele kimoja kikapewa majina mawili au vilele viwili vikachukuliwa kuwa kimoja. Hata idadi ya milima yenyewe haikujulikana. Sababu ni mawingu. Rwenzori hujifunika karibu mwaka mzima, na mtu anaweza kuishi chini yake kwa miezi asione theluji hata siku moja.

Duke hakuja kupanda kilele kimoja aondoke. Alikuja kuimaliza kazi: kupanda vilele vyote vikuu, kuvipima na kuchora ramani moja ambayo asingehitajika mwingine kuirudia. Ndiyo maana alikuja na daktari, Cavalli Molinelli. Mjuzi wa miamba, Roccati. Mpiga picha Vittorio Sella. Cagni wake wa kaskazini. Na waongozaji wanne wa Alpi, akiwemo mzee wao Joseph Petigax. Alichagua Juni makusudi, kwa kuwa mlima ule una vipindi viwili vyenye nafuu ya mvua: Desemba hadi Februari, na Juni hadi Agosti.

Njia aliyopita wasomaji wa gazeti hili wanaijua kwa nauli zake. Reli kutoka Mombasa hadi Kisumu, ambayo wakati huo ilikuwa na umri wa miaka mitano hivi. Meli kutoka Kisumu kuvuka Ziwa Viktoria hadi Entebbe. Kisha kwa miguu, kilomita 300 hivi hadi Fort Portal, na mamia ya wapagazi. Lori linalotoka bandarini Mombasa likiwa na shehena ya Beni au Butembo bado linafuata mkondo huohuo kwa ujumla, ingawa ziwa limezungukwa na siku hizi hakuna anayebeba kichwani zaidi ya hatua chache za darajani.

Kutoka Fort Portal msafara ulielekea bonde la mto Mubuku, upande wa mashariki wa mlima, na hapo mambo yakabadilika. Wapagazi waliotoka nyanda za chini walirudishwa. Baridi na tope havikuwa vyao. Mizigo ikachukuliwa na Wakonzo, wenyeji wa miteremko ile. Walitembea pekupeku na ngozi za wanyama mabegani, katika msitu wa miti iliyofunikwa ukungu na kuvu, ambapo mtu hukanyaga mizizi na magogo yaliyooza badala ya ardhi, kisha wakapita kwenye madimbwi ya tope baina ya lobelia ndefu kuliko mtu. Duke na waongozaji wake wa Alpi walikuwa na viatu vya misumari.

Wakonzo hawakuwa wageni huko juu. Waliwinda pimbi hadi karibu na barafu na walijua kila pango la kujikinga mvua. Kambi kuu ya Duke, Bujongolo, kwenye kimo cha mita 3,800 hivi, ilikuwa chini ya jabali lililoinama na kufanya paa. Hakuligundua yeye. Alipelekwa.

Lakini theluji yenyewe ilikuwa jambo jingine. Kwa Kikonzo theluji ni nzururu, na ndiko anakokaa Kitasamba, roho mkuu wa mlima. Mwenyeji hakuwa na sababu ya kwenda kusimama juu ya paa la nyumba ya Kitasamba, na hakwenda. Hapo ndipo ramani ya Duke inapoonyesha siri yake kwa anayeisoma taratibu. Mabonde, mito na mapango ya chini yana majina ya wenyeji: Mubuku, Bujuku, Bujongolo. Ukivuka kimo ambacho mwindaji wa Kikonzo aligeukia kurudi nyumbani, majina yanabadilika ghafla kuwa ya Wazungu watupu. Mtu angeweza kuchora mstari kwa penseli mahali hapo, na mstari huo ungekuwa mpaka wa kwanza wa Rwenzori, kabla ya ule wa mkataba.

Tarehe 18 Juni 1906 Duke, akiwa na waongozaji Petigax, Ollier na Brocherel, alifika kilele cha juu kabisa. Karibu na mwisho ukingo wa theluji uliojitokeza kama upenu wa nyumba uliwazuia, wakauvuka kwa kupandiana mabegani. Siku hiyohiyo walikuwa wamekwisha kanyaga kilele cha jirani, kilicho chini kwa mita chache tu. Cha juu akakiita Margherita, cha pili akakiita Alexandra, jina la malkia wa Uingereza. Hapo alikuwa na adabu ya mgeni: mlima ulihesabiwa kuwa chini ya ulinzi wa Waingereza, akampa malkia wao kilele cha pili na kumwachia wa kwao cha kwanza.

Kufika kileleni kulikuwa sehemu ndogo ya kazi. Katika majuma yaliyofuata, hadi katikati ya Julai, yeye na wenzake walipanda kilele baada ya kilele, wakati mwingine wakisubiri saa nyingi juu ya theluji mawingu yafunguke kwa dakika chache wapate kupima. Upimaji wenyewe unaeleweka kwa mtu yeyote aliyewahi kubishana juu ya mizani. Kwanza ni pembe: ukijua umbali halisi kati ya sehemu mbili za chini, ukipima pembe za kilele kutoka kila sehemu, hesabu itakupa kilele kiko wapi. Pili ni hewa: kadiri unavyopanda ndivyo hewa inavyopungua uzito, na zebaki ndani ya barometa hushuka. Lakini zebaki hushuka pia mvua ikikaribia. Kwa hiyo vipimo vya mlimani vilibidi vilinganishwe na vya barometa nyingine zilizosomwa chini, Fort Portal na Entebbe, ili mabadiliko ya hali ya hewa yasihesabiwe kuwa ni mita za mlima. Ni sawa na kupima gunia kwenye mizani mbili kabla ya kukubali bei.

Kimo alichoipa Margherita kilikuwa mita 5,125. Vipimo vya leo vinasema 5,109. Alikosea kwa mita 16, kwa kutumia zebaki, katika ukungu. Kuna vibanda vya mpakani ambavyo hukosea zaidi ya hapo kwenye gunia la maharage.

Naye Sella, na kamera zake nzito, alipiga picha za mapana zilizoshika safu nzima ya milima. Picha hizo ziliisaidia ramani, na zimekuja kuwa na thamani ambayo hakuna aliyeifikiria wakati huo, tutaifikia.

Ramani iliyotoka ilionyesha kwamba Rwenzori si mlima mmoja bali ni makundi sita ya vilele, kila moja likitenganishwa na jingine kwa bonde au pito. Duke aliyapa majina ya waliomtangulia Afrika: Stanley, Speke, Baker, Emin, Gessi na Thomson. Hilo la mwisho halikudumu. Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilipendekeza kundi la Thomson liitwe kwa jina la Duke mwenyewe, na leo ramani zinasoma Luigi di Savoia. Joseph Thomson, aliyekatiza nchi ya Wamasai kwa miguu, akapoteza mlima ambao hakuwahi kujua kuwa alikuwa nao. Kwenye makundi hayo vilele vilipewa majina kama mtu anayegawa kadi za harusi: Elena, malkia mpya wa Italia, Vittorio Emanuele, Umberto, aliyeuawa mwaka 1900, Iolanda, binti mdogo wa mfalme, Edward, mfalme wa Uingereza, Bottego, Mwitalia aliyechunguza mto Juba. Orodha ni ndefu. Hakuna ndani yake Mkonzo hata mmoja, hata yule aliyewaonyesha Bujongolo.

Mwanzoni mwa mwaka 1907 Duke alisimama mbele ya wanajiografia, Roma kisha London, akaeleza matokeo. Kitabu cha safari kiliandikwa na rafiki yake De Filippi, ambaye hakuwamo safarini, kikatoka mwaka 1908. Fumbo la Rwenzori likafungwa.

Lakini wakati ramani inachapishwa, mlima ulikuwa na kesi nyingine mezani. Makubaliano ya mwaka 1894 kati ya Uingereza na Mfalme Leopold yalikuwa yameweka mpaka kwenye mstari wa longitudo ya nyuzi 30 mashariki. Ni mstari uliochorwa Ulaya, juu ya ramani za kubahatisha, na watu ambao hawakujua unapita juu ya nini. Upimaji ulipofanywa kwa makini, vilele vikuu vyote vya Rwenzori vilionekana kuwa magharibi kidogo ya mstari huo. Kwa maana nyingine, kwa barua ya makubaliano, theluji yote ilikuwa ya Kongo. Waingereza hawakulipenda hilo hata kidogo. Wajumbe walikutana Brussels mwaka 1910 na kuuacha mstari wa longitudo. Badala yake wakachukua alama zilizo wazi ardhini: mto Lubiriha (mkataba unauandika Lubilia), kilele cha Margherita, mto Lamia, mto Semliki. Mkataba wa London wa mwaka 1915 ukathibitisha.

Hivyo ndivyo jina alilolitoa kwa heshima ya nyumbani kwao mwaka 1906 lilivyogeuka kuwa jiwe la pembe la mpaka wa serikali mbili. Hakuomba iwe hivyo. Alichofanya ni kutoa alama yenye jina na mahali maalumu, na wenye kugawana nchi walikuwa wakihitaji alama za namna hiyo. Watu wa chini ya mlima waliamka wamekuwa Wakonzo wa Uganda na Wanande wa Kongo. Lugha yao ni moja kiasi cha kusikilizana bila mkalimani, na mashemeji wamejaa pande zote mbili za Lubiriha. Nusu ya biashara ya Mpondwe hadi leo inaendeshwa kwa lugha hiyo na kwa undugu huo. Nusu nyingine kwa Kiswahili. Mama anayevuka na beseni la samaki wa Ziwa Edward kwenda kumuuzia binamu yake amevuka mpaka ulioning'inizwa kwenye jina la malkia.

Baada ya Rwenzori, Duke hakupumzika. Mwaka 1909 alikwenda K2, mlima wa pili kwa urefu duniani, katika safu ya Karakoram. Mlima ulimshinda, waligeukia kwenye kimo cha mita 6,250 hivi, kwenye mgongo wa kusini-mashariki ambao hadi leo unaitwa kwa jina lake, na ndio Waitalia walioupitia mwaka 1954 walipofika kileleni kwa mara ya kwanza. Mwaka huohuo wa 1909 alipanda Chogolisa hadi mita 7,500 hivi, akazuiwa na ukungu. Hakuna binadamu aliyejulikana kupanda juu zaidi hadi Waingereza walipokwenda Everest mwaka 1922.

Kulikuwa pia na jambo la moyo. Alimpenda Katherine Elkins, binti wa seneta tajiri wa Marekani, na magazeti ya dunia yaliwafuata kwa miaka. Ndoa haikufungwa. Ukoo wa kifalme haukumtaka binti asiye wa damu ya kifalme, naye Duke hakuwa mtu wa kuvunja amri ya ukoo. Hakuoa kamwe.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilimkuta akiwa mkuu wa jeshi la wanamaji la Italia. Kazi inayokumbukwa zaidi ya kipindi hicho ni kuwaokoa Waserbia: katika majira ya baridi ya 1915 na 1916, wanajeshi zaidi ya laki moja, wenye njaa na maradhi, walichukuliwa kwa meli kutoka pwani ya Albania. Lakini vita vya baharini vya Italia vilikuwa na hasara na lawama, na mapema mwaka 1917 aliondolewa kwenye ukuu.

Alikuwa na umri wa miaka 44. Angeweza kukaa Turin akavaa nishani. Badala yake akarudi kwenye ile pwani aliyoiona akiwa kijana.

Mwaka 1920 alianzisha kampuni ya kilimo iliyojulikana kwa kifupi kama SAIS, na kwenye kingo za mto Shabelle, Jowhar, kaskazini mwa Mogadishu, akajenga mji uliopewa jina lake: Kijiji cha Duke wa Abruzzi. Mtu aliyekuwa akipima mito ya barafu sasa alipima mifereji. Alijenga boma la kuuzuia mto, akachimba mitaro ya kumwagilia, akalima pamba, ndizi na miwa. Kikaja kiwanda cha sukari, na reli ya kuunganisha mashamba na Mogadishu. Kwa hesabu za mfanyabiashara, hii ndiyo kazi kubwa kuliko zote alizofanya. Vilele havikulisha mtu; Jowhar ililisha maelfu na kuuza ng'ambo.

Nani alilima ni swali lisilotakiwa kurukwa. Ardhi ile ilikuwa ya wakulima, hasa Washidle, watu wa asili ya Kibantu wa Shabelle. Duke alipendelea mikataba: familia inapewa kipande cha ardhi yenye maji, inalima chakula chake na kulimia kampuni zao la kuuza. Wanaomtetea husema alikuwa mpole kuliko walowezi wengine, na kwa kiasi fulani ni kweli. Lakini mikataba ilifungwa chini ya bendera ya mkoloni, na mkulima aliyekuwa na ardhi yake kabla ya kampuni hakuwa na nafasi sawa ya kukataa. Na mfumo wa mashamba ya Waitalia kandokando ya Shabelle na Juba, ambao Jowhar ndiyo iliyoufungulia njia, uliishia katika kazi za kulazimishwa, vijiji vikitakiwa kutoa watu kwa amri. Ni wapagazi wa Bujongolo tena, safari hii na majembe.

Hakuwa ameacha kuchora ramani. Mwaka 1928 na 1929, akiwa na zaidi ya miaka 55, alipanda na msafara hadi nyanda za juu za Ethiopia na kuufuata Shabelle kutoka kwenye chanzo chake, akiupima. Safari hii alikuwa na sababu ya mkulima: maji yanayofika kwenye mfereji wake yalitoka huko, na alitaka kujua ni kiasi gani na wakati gani. Ukweli ni kwamba ramani hiyo ya mwisho, isiyo na kilele maarufu hata kimoja, ilikuwa na faida ya wazi zaidi kwa watu wa chini ya mto kuliko ile ya Rwenzori. Ila ni ya Rwenzori inayokumbukwa.

Saratani ilimpata. Alipojua hakuna dawa, aliondoka Italia na kurudi Jowhar, akafariki huko tarehe 18 Machi 1933, akiwa na miaka 60. Alitaka azikwe pale, karibu na mto, na ndivyo ilivyofanyika. Mtu aliyezaliwa katika nyumba ya mfalme Madrid, aliyekwenda hadi karibu na ncha ya dunia, alichagua kaburi kwenye udongo wa Shabelle.

Ramani ya mwaka 1906 sasa inasomwa na watu wengine kabisa. Wanasayansi wa tabianchi huitumia pamoja na picha za Sella kama daftari la mahesabu ya mlima. Wakati wa Duke, barafu ilikuwa kwenye milima yote sita, kilomita za mraba 7 hivi kwa jumla. Mwanzoni mwa karne hii ilikuwa imebaki kwenye milima mitatu tu, kidogo sana kuliko mwanzo, na sehemu kubwa ya iliyopo leo iko Stanley, kuzunguka Margherita na Alexandra. Milima yenye majina ya Emin, Gessi na yeye mwenyewe, Luigi di Savoia, ni mwamba mtupu. Wazee wa Kikonzo wana maelezo yao juu ya nzururu kuondoka, na Kitasamba yumo ndani yake.

Jowhar nayo haikubaki kama alivyoiacha. Baada ya uhuru kiwanda cha sukari kilipita mikononi mwa serikali ya Somalia, na serikali hiyo ilipoanguka mwaka 1991 mitambo ikasimama. Somalia ikawa nchi ya kuagiza sukari kutoka ng'ambo, na sehemu ya sukari hiyo, kama kila mfanyabiashara wa Garissa ajuavyo, imekuwa ikiingia Kenya kwa njia za magendo kupitia Kismayo. Tangu mwaka 2024 nchi zote mbili ni za jumuiya moja, na sukari ni miongoni mwa bidhaa ambazo nchi wanachama bado zinavutana juu yake.

Huko Mpondwe, Lubiriha unaendelea kushuka kutoka mlimani. Mvua ikiwa kubwa hufurika na kusimamisha shughuli. Siku ya anga safi, ambazo si nyingi, anayesubiri zamu yake kwenye foleni akiinua macho upande wa kaskazini huenda akaona kitu cheupe juu ya mawingu, kidogo kuliko kilivyoandikwa kwenye ramani.